Simu ya bei ya mshahara wa mwaka: Ni chombo cha kazi au pambo?

WAHENGA walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Wosia huo unafaa kukumbukwa na kila mtu anayepita kwenye maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au katika mitaa ya biashara ya Mombasa, Kisumu na Eldoret, akatazama kabati za vioo ambamo simu ghali zimepangwa kana kwamba ni vito vya dhahabu.

Simu aliyo nayo mfukoni inapiga na kupokea, inatuma pesa na kuleta picha za jamaa zake. Lakini ile iliyo kabatini yang'aa zaidi, na muuzaji ana ulimi wa asali. Swali ambalo mnunuzi aghalabu hajiulizi ni hili: fedha zote hizo za ziada zinanunua nini hasa, na kitu hicho kitamfaa kwa muda gani?

Ili hoja zetu zisielee hewani, tuchukue simu moja mahususi. Hii ni Galaxy S25 Ultra, ambayo kampuni ya Samsung ya Korea Kusini iliizindua mnamo Januari 22, 2025 jijini San Jose, Marekani. Ndiyo iliyokuwa kinara wa simu za Samsung wakati wa uzinduzi huo, na mpinzani wake mkuu alikuwa iPhone 16 Pro Max ya kampuni ya Apple, iliyotoka Septemba 2024. Mengi yatakayosemwa hapa yanazihusu pia simu nyingine za tabaka hilo, ziwe zilitoka kabla yake au baada yake.

Bei yake ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa dola 1,299 kabla ya kodi. Kwa kima cha ubadilishaji cha wakati huo cha takriban Sh129 kwa dola moja, hizo ni kama Sh168,000. Ukiongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16 unaotozwa humu nchini, unakaribia Sh195,000. Haya ni makadirio tu, maadamu bei ya dukani hupanda na kushuka kutegemea mwagizaji, ushuru mwingine na faida ya muuzaji. Hata hivyo yatosha kutuonyesha uzito wa mzigo wenyewe.

Kuanzia Novemba 1, 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kibarua huyo angefanya kazi kwa miezi 12, bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba wala nauli, ndipo apate simu hiyo moja. Hata karani anayelipwa mara tatu ya kima hicho angehitaji miezi minne ya kufunga mkaja.

Sifa zake

Hatusemi hayo kwa nia ya kuibeza simu yenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Samsung haikukusanya mabati na vioo tu kisha ikabandika bei.

Sifa ya kwanza ni kamera. Kamera yake kuu ina megapikseli 200, ya pili inayonasa eneo pana ina megapikseli 50, na nyingine mbili huvuta vitu vya mbali karibu, moja kwa mara tatu na nyingine kwa mara tano, bila kuharibu picha. Kwa mpigapicha wa harusi, mwanahabari aliye nyanjani au kijana anayetengeneza video za kuuza mtandaoni, hii ni zana inayoweza kumwondolea haja ya kubeba kamera kubwa katika kazi nyingi.

Hata hivyo, mnunuzi asilewe na tarakimu. Katika matumizi ya kawaida simu hiyo haipigi picha za megapikseli 200. Huunganisha vitone 16 vidogo vya kupokea nuru kuwa kimoja, na picha inayotoka huwa ya megapikseli zipatazo 12. Kufanya hivyo kunasaidia sana penye mwanga hafifu. Kwa hivyo faida ipo, ila si ile ambayo muuzaji huitaja anapotamka "200" kwa sauti ya juu.

Sifa ya pili ni kioo chake cha inchi 6.9, ambacho kimetengenezwa kupunguza mwako wa mwanga unaokirudia mtazamaji. Anayefanya kazi juani, awe mhandisi wa barabara au afisa wa kilimo, atafahamu thamani ya kusoma ujumbe saa saba mchana bila kutafuta kivuli. Fremu yake ni ya madini ya titani, ambayo ni magumu na mepesi.

Tatu ni kasi. Simu hii inaendeshwa na kichakataji cha Snapdragon 8 Elite cha kampuni ya Qualcomm, na ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 12. Kuhariri video ndefu au kufungua programu nyingi kwa pamoja hakuichoshi. Ina pia kalamu yake maalumu, ambayo humwezesha mtu kutia sahihi hati au kuandika kwa mkono juu ya kioo.

Sifa ya nne haing'ai kabatini, lakini kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito zaidi. Samsung iliahidi kuipa simu hiyo matoleo mapya ya mfumo wa Android pamoja na marekebisho ya usalama kwa miaka saba. Google ndiyo iliyotoa ahadi ya muda huo kwa simu zake za Pixel 8 mnamo Oktoba 2023, na Samsung ikafuata Januari 2024 ilipozindua Galaxy S24.

Kwa nini jambo hili lina uzito kwa Mkenya? Ni kwa sababu tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, simu imekuwa benki ya mfukoni. Humo mna akiba, mikopo, nywila za akaunti na siri za familia. Simu isiyorekebishwa tena na mtengenezaji ni kama nyumba ambayo kufuli lake limechakaa na fundi wake amehama mji. Mlango unafungika, lakini mwizi ameshajifunza kuufungua.

Kasoro zake

Sasa tugeuze shilingi tuutazame upande wa pili. Betri ya simu hii ina uwezo wa mAh 5,000. Galaxy S20 Ultra, iliyotoka mwaka wa 2020, ilikuwa na betri ya uwezo uo huo. Ni kweli kwamba vichakataji vya siku hizi hutumia umeme kwa uangalifu zaidi, na kwa hivyo chaji hudumu. Lakini mnunuzi aliyeambiwa kwamba kila kitu ni kipya ana haki ya kujua kwamba ukubwa wa tangi haukubadilika kwa muda wote huo.

Pili, kuna vitu vilivyoondolewa. Tangu Galaxy S21 ya mwaka wa 2021, simu kinara za Samsung katika safu hii hazina nafasi ya kutia memori kadi, na chaja haimo kwenye boksi. Mnunuzi hukuta waya tu. Anayehitaji nafasi zaidi ya gigabaiti 256 za toleo la kuanzia hana budi kulipia toleo la bei ya juu zaidi siku ile ile ya kununua, kwa kuwa hataweza kuiongeza baadaye. Nayo kalamu tuliyoisifu ilipokonywa uwezo wa Bluetooth katika toleo hili, hivyo haiwezi tena kutumiwa kufyatua kamera kutoka mbali kama ilivyokuwa katika Galaxy S24 Ultra.

Tatu ni akili unde, ambayo kampuni hiyo iliitangaza kuliko kitu kingine chochote. Mathalan, kuna huduma ya kutafsiri mazungumzo ya simu papo kwa papo. Huduma hiyo ilipoanzishwa mapema mwaka wa 2024 ilikuwa na lugha 13. Kiswahili hakikuwamo. Galaxy S25 Ultra ilipozinduliwa mwaka mmoja baadaye, lugha zilikuwa zimeongezwa, lakini bado Kiswahili hakikuwamo. Lugha yenye wasemaji kutoka Lamu hadi Lubumbashi ilipitwa na lugha zenye wasemaji wachache kuliko wake.

Hilo si suala la fahari tu. Mfanyabiashara wa Gikomba anayeagiza mitumba, au mkulima wa Kirinyaga anayetaka kuzungumza na mnunuzi wa ng'ambo, aliombwa alipie huduma ambayo haikumjua kwa lugha yake. Kabla ya kulipia kipengele chochote cha aina hii, ni muhimu mnunuzi akijaribu dukani kwa lugha anayoitumia kila siku, asitosheke na tangazo la Kiingereza.

Nne, simu hii ina kinga ya maji, lakini kinga hiyo ina mipaka. Kipimo chake cha IP68 ni cha maji baridi yasiyo na chumvi, kina cha mita 1.5 na muda wa dakika 30. Msomaji wetu wa Mombasa, Malindi au Lamu asije akaamini kwamba ameruhusiwa kuoga nayo baharini. Chumvi ni adui wa chuma na wa tundu la chaji.

Mdogo wake asemaje?

Ubora wa kitu ghali hupimwa vyema kinapowekwa kando ya kitu rahisi. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 Samsung hiyo hiyo ilitoa simu ya Galaxy A16. Toleo lake la 5G liliuzwa Marekani kwa takriban dola 200, yaani kama Sh26,000, au Sh30,000 ukijumlisha VAT.

Simu hiyo ina kioo cha inchi 6.7, kamera kuu ya megapikseli 50, nafasi ya memori kadi, na betri ya mAh 5,000. Naam, uwezo ule ule wa betri ya kaka yake. Zaidi ya hayo iliahidiwa miaka sita ya marekebisho, pungufu kwa mwaka mmoja tu. Kwa hivyo sifa ile tuliyoiita yenye uzito kuliko zote, ile ya kufuli linalotunzwa na fundi wake, haiuzwi tena kwa matajiri peke yao.

Tupige hesabu. Simu ya Sh195,000 ikitumiwa miaka yote saba, itamgharimu mwenyewe kama Sh76 kwa siku. Ile ya Sh30,000 ikitumiwa miaka sita, itamgharimu kama Sh14 kwa siku. Lakini aliye na kinara akiichoka baada ya miaka miwili, kama wafanyavyo wengi, gharama hupanda hadi Sh267 kwa siku, kabla ya kutoa chochote atakachopata akiiuza.

Ni dhahiri kwamba simu ghali huwa na nafuu kwa yule tu anayeishi nayo muda mrefu. Anayeibadilisha kila toleo jipya linapotangazwa ananunua miaka saba na kutumia miwili, mithili ya mtu anayekodi shamba la ekari saba akalima mbili.

Hesabu hiyo ina gharama zake za ziada pia. Betri za lithiamu huchakaa kadiri zinavyochajiwa. Kanuni za Muungano wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zinataka betri ya simu ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa na kuisha mara 800. Kwa anayechaji kila siku, hiyo ni zaidi kidogo ya miaka miwili. Betri nyingine huzidi kiwango hicho, ila anayekusudia kutumia simu miaka saba atenge fedha za kubadilisha betri angalau mara moja. Kadhalika aulize bei ya kioo kabla ya kununua, si baada ya kukivunja.

Mtego wa kulipa kidogo kidogo

Wapo watakaosema kwamba hawalazimiki kutoa Sh195,000 kwa mpigo. Siku hizi simu hupatikana kwa malipo ya kila siku. Mpango wa aina hiyo ulivuma mwaka wa 2020 Safaricom ilipoungana na Google kuwawezesha wenye simu za kawaida kupata simu za intaneti. Umewafaa wengi, hasa waliokopeshwa simu za bei nafuu ambazo ziliwafungulia njia ya biashara.

Lakini mkopo unaomfaa mtu kwa simu ya Sh15,000 waweza kumdidimiza kwa simu ya Sh195,000. Tuchukue mfano wa kukisia. Mtu atoe Sh50,000 za mwanzo, kisha alipe Sh600 kila siku kwa siku 365. Mwisho wa mwaka atakuwa ametoa Sh269,000. Ziada ya Sh74,000 ingenunua simu mbili za Galaxy A16 na chenji ikabaki. Isitoshe, simu nyingi za mkopo hujifunga mwenyewe anapokosa kulipa, na pamoja nayo hufungika kazi iliyokuwa ikiitegemea.

Kuna pia hatari ya wizi. Simu inayopokonywa na mpita njia aliye kwenye pikipiki haiondoki na deni lake. Deni hubaki nyumbani, likisubiri siku ya malipo pamoja na karo ya watoto. Anayenunua simu ya bei hii bila bima wala akiba ya dharura, amebeba mshahara wake wa mwaka mzima mkononi katikati ya msongamano wa watu.

Ughali huo huvutia walaghai pia. Wakenya hawajasahau Septemba 30, 2012, siku ambayo serikali iliagiza simu bandia zizimwe na simu zipatazo milioni 1.9 zikakatiwa mawasiliano. Mnunuzi abonyeze *#06# na kulinganisha nambari inayotokea na ile iliyoandikwa kwenye boksi, adai risiti, na aulize kama dhamana ya simu iliyoletwa kutoka ng'ambo inatambuliwa humu nchini.

Mkono wa serikali

Si haki kuwalaumu watengenezaji pekee kwa ughali wa simu. Mwaka wa 2009 serikali iliziondolea simu ushuru wa VAT ili wananchi wengi wazimudu. Sheria ya VAT ya 2013 ikaurejesha ushuru huo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2022 ikaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje.

Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, kwa lengo la kutoa simu za bei nafuu humu nchini. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, serikali inayotaka raia walipie huduma zake kwa simu haina budi kujiuliza kama inafaa kuitoza simu ya mama mboga kwa asilimia ile ile inayotoza simu ya tajiri. Anayenunua kinara kwa hiari yake anaweza kuuhimili ushuru huo. Anayenunua simu yake ya kwanza ili apokee malipo ya maziwa, ushuru humrudisha nyuma.

Nani anunue?

Tukikusanya yote haya, uamuzi unaanza kujitokeza. Simu kinara humfaa mtu ambaye kamera, kioo au kasi yake humwingizia riziki, aliye na uwezo wa kuilipia taslimu bila kugusa karo wala kodi ya nyumba, na aliyeazimia kuitumia miaka mitano au zaidi. Kwa mtu huyo, Sh76 kwa siku si gharama kubwa kwa zana ya kazi.

Kuna njia ya kati pia. Simu kinara ya mwaka uliotangulia aghalabu huuzwa kwa bei ya chini inapotoka mpya, na tofauti baina yao huwa ndogo. Galaxy S24 Ultra ya mwaka wa 2024 ilikuwa tayari na kamera kuu ya megapikseli 200, fremu ya titani, betri ya mAh 5,000 na ahadi ya miaka saba. Jambo la kuzingatia ni kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotoka kwa mara ya kwanza, wala si tangu siku uliyoinunua wewe. Anayenunua simu iliyotoka miaka mitatu nyuma, asidhani kwamba amepata saba. Amepata minne.

Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, simu ya wastani iliyoahidiwa miaka mingi ya marekebisho inatosha. Itatuma pesa kama ile ghali, itapokea simu kama ile ghali, na chumba cha benki kilichomo ndani yake kitafungwa kwa kufuli linaloendelea kutunzwa.

Muuzaji akisema "hii ina kila kitu", mnunuzi amjibu kwa maswali matatu: itarekebishwa hadi mwaka gani, kioo na betri ni bei gani, na inakijua Kiswahili? Akikosa majibu, basi arejee nyumbani na mbacha wake. Msala utapita, na mwaka ujao utapita mwingine.